Chokaa kwanza, bakteria baadaye

Chimba shina la maharage katika shamba la Vihiga, Njombe au Bukoba wiki ya sita baada ya kupanda, maua yanapoanza kuchomoza. Tumia koleo, usiling'oe kwa mkono, maana ukivuta tu vinundu hukatika na kubaki ardhini. Loweka mzizi kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Katika mashamba mengi ya nyanda hizo utakuta mzizi mtupu, au vinundu vichache vya ukubwa wa punje ya ulezi, ambavyo ukivipasua kwa ukucha ndani ni vyeupe au vya kijani. Mwenye shamba huenda alinunua pakiti ya unga wa bakteria wanaojenga vinundu hivyo, akachanganya na mbegu kama alivyoelekezwa, na sasa majani yakigeuka njano anaambiwa udongo wake umechoka. Maelezo hayo hayamsaidii. Udongo wake una tindikali, na tindikali hiyo ndiyo iliyowazuia bakteria wasiingie mzizini.

Kosa hili hurudiwa msimu hata msimu: bakteria hupelekwa shambani kabla ya chokaa, ambayo ndiyo inayopunguza tindikali. Pale ambapo pH, kipimo cha tindikali ya udongo, iko chini ya 5.5, chokaa ndiyo pembejeo ya kwanza ya maharage na soya. Unga wa bakteria ni wa pili, na mbolea ya nitrojeni mara nyingi haihitajiki kabisa. Ukigeuza mpangilio huo unatwanga maji kinuni, hata pakiti iwe bora kiasi gani.

Bakteria wenyewe, raizobia, wamejulikana tangu karne ya 19. Mwaka 1886 Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walieleza kwamba mimea jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria hao na kuwakuza peke yao. Mmea huwapa sukari na makazi, nao huugeuzia nitrojeni ya hewa kuwa amonia. Faida yake si ndogo. Tani moja ya punje za soya hubeba takriban kilo 60 za nitrojeni, na tani ya maharage kama kilo 35. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Kwa hiyo nitrojeni iliyomo kwenye tani ya soya ni sawa na mifuko miwili na nusu ya urea, na soya yenye vinundu vizuri hupata sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo hewani bila mkulima kutoa senti.

Kabla ya kuingia ndani zaidi, kipimo cha pH kieleweke vizuri, kwa sababu tarakimu zake hudanganya macho. Kila namba moja ikishuka, tindikali huongezeka mara 10. Shamba la pH 5 lina tindikali mara 10 ya shamba la pH 6, na shamba la pH 4.5 lina takriban mara 32. Anayesema "tofauti ni moja na nusu tu" hajaiona hatari.

Sasa, tindikali inaharibu nini hasa? Inaharibu hatua kadhaa zinazofuatana, na hatua moja ikikatika zilizobaki hazina kazi.

Ya kwanza ni uhai wa bakteria wenyewe. Katika udongo mchachu, chembe za haidrojeni hupenya kwenye kuta zao, nao hutumia nguvu nyingi kuzitoa nje badala ya kuzaliana. Hawako sawa kwa uvumilivu. Raizobia wa alfalfa ni dhaifu kuliko wote na huanza kupungua pH ikishuka chini ya 6. Wa maharage wako katikati, ingawa aina iitwayo Rhizobium tropici inajulikana kwa kustahimili uchachu na joto. Wa soya, kunde na karanga, kundi la Bradyrhizobium, hukua polepole lakini kwa ujumla ni wagumu zaidi. Wakati mgumu zaidi kwao ni baada ya mavuno, shamba likiwa tupu na hakuna mzizi wa kuwalisha. Hapo idadi yao huporomoka, na wanaovuka mpaka msimu ujao si lazima wawe wachapakazi. Uchachu huchagua wavumilivu, haujali kama wanafunga nitrojeni au la. Ndiyo maana kuna mashamba ambamo utakuta vinundu vingi, vidogo, vimetawanyika hadi ncha za mizizi, na vyote ndani ni vyeupe. Hao ni wapangaji wanaokula bila kulipa kodi.

Ya pili ni mawasiliano. Mzizi wa mkunde hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi ambazo bakteria wake huzitambua, nao hujibu kwa ishara yao inayoufanya unywele wa mzizi ujikunje na kuwakumbatia. Katika udongo mchachu pande zote mbili hupunguza kemikali zao. Kalsiamu nayo, inayohitajika ili bakteria washikamane na unywele huo, huwa adimu. Hatua hii ya siku chache za mwanzo ni nyeti kuliko ukuaji wa mmea wenyewe, na jambo hilo limewapotosha wengi. Maharage yaliyopewa CAN, mbolea ya nitrojeni, yanaweza kuonekana ya kijani kwenye pH ambayo maharage yanayotegemea bakteria hayaambulii kinundu hata kimoja. Mtu akitazama majani anaamini udongo hauna neno.

Ya tatu ni alumini. Madini haya yamejaa katika udongo mwekundu wa nyanda zetu, lakini pH ikiwa juu ya 5.5 hukaa yameganda bila madhara. Ikishuka chini ya hapo huanza kuyeyuka, na chini ya 5 huwa sumu kamili kwa mazao mengi. Hushambulia ncha ya mzizi kwanza: mizizi hubaki mifupi, minene, yenye vifundo kama vidole vilivyovimba, na nywele za mzizi ambazo ndizo mlango wa bakteria hazioti vizuri. Alumini pamoja na chuma hukamata pia fosforasi na kuifungia udongoni. Kinundu kinakula fosforasi nyingi, kwani kugeuza nitrojeni ya hewa kuwa amonia ni kazi ghali: molekuli moja ya nitrojeni hugharimu angalau molekuli 16 za ATP, yaani nishati ya chembe hai, na ATP haijengwi bila fosforasi. Manganizi nayo huyeyuka kupita kiasi katika baadhi ya udongo mchachu na kuyakunjamanisha majani ya maharage, hali ambayo wengi huidhania kuwa ugonjwa wa virusi na kuitafutia dawa.

Ya nne haionekani na husahaulika: molibdenamu. Kimeng'enya kinachofunga nitrojeni kimejengwa kwa chuma na molibdenamu, na molibdenamu hufanya kinyume cha virutubisho vingine vingi vidogo, hupungua upatikanaji wake kadiri uchachu unavyozidi. Unaweza kuwa na vinundu vya kutosha kwa idadi lakini visivyofanya kazi. Mahitaji yake ni makumi ya gramu tu kwa hekta, na mara nyingi chokaa peke yake huifungua ile iliyokwisha kuwamo udongoni.

Uchachu unatoka wapi? Mvua nyingi za miaka na miaka huosha kalsiamu na magnesiamu na kuacha haidrojeni na alumini, na hilo ni asili ya nyanda za mvua kuanzia magharibi mwa Kenya hadi Rwanda, Burundi na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mavuno yanayoondoka shambani pamoja na mabua yake huongezea. Mbolea za amonia huongeza kasi, kwa sababu amonia ikigeuka naitreti udongoni huachia haidrojeni. Kwa makadirio yanayotumika sana, kilo moja ya nitrojeni kutoka kwenye urea huhitaji takriban kilo 1.8 za chokaa safi kuufuta uchachu wake, na ile ya salfeti ya amonia, SA, huhitaji kama kilo 5.4. Mfuko mmoja wa urea basi una deni la kilo 41 za chokaa. Mfuko mmoja wa SA, wenye nitrojeni kilo 10.5 tu, una deni la takriban kilo 57, zaidi ya uzito wake wenyewe. Hata mikunde ina sehemu yake: mmea unaofunga nitrojeni hutoa haidrojeni mizizini. Kwa hiyo anayepanda soya mfululizo akivuna kila kitu anazidisha uchachu, japo anaongeza rutuba.

Hakuna haja ya kubahatisha. Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kwenye sehemu 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha peleka nusu kilo maabara. Epuka vichuguu, palipochomwa takataka, palipokuwa na zizi, njia na chini ya miti. Udongo wa bondeni na wa mlimani usichanganywe. Omba vipimo viwili: pH na alumini inayobadilishika, yaani ile inayoweza kuachia udongo na kuufikia mzizi. Uliza pia pH imepimwa ndani ya nini, kwa sababu ile ya kloridi ya kalsiamu au ya kloridi ya potasiamu husoma chini ya ile ya maji, mara nyingi kwa nusu hadi namba nzima. Nimezungumzia hapa pH ya maji.

Kiasi cha chokaa hutegemea zaidi alumini kuliko pH yenyewe. Kanuni inayotumika katika udongo wa kitropiki ni kuzidisha alumini inayobadilishika, kwa sentimoli kwa kilo (kizio ambacho maabara huandika), mara 1.5, jibu ni tani za chokaa safi kwa hekta kwa tabaka la juu la sentimita 15. Alumini ikiwa 2, weka tani 3. Udongo wa mfinyanzi na wenye mboji huhitaji zaidi ya kichanga kwa pH ileile. Lengo liwe pH 5.5 hadi 6, si 7. Ukivuka hapo katika udongo wetu mwekundu, zinki, chuma na boroni hupungua, na mahindi yatakayofuata hutoa mistari myeupe kwenye majani machanga.

Tani 2 kwa hekta ni gramu 200 kwa kila mita ya mraba, au takriban kilo 800 kwa ekari, mifuko 16 ya kilo 50. Namba hiyo ndiyo kiini cha tatizo lote la chokaa. Jiwe lenyewe ni rahisi na lipo, Koru upande wa Kenya, Songwe na Tanga upande wa Tanzania. Kinachomshinda mkulima ni uzito na nauli. Pakiti ya bakteria ya gramu 100 huingia mfukoni, chokaa inataka lori. Naamini hii ndiyo sababu miradi mingi hupenda kugawa pakiti: zinahesabika haraka na zinapendeza kwenye ripoti. Fedha ya umma inayotafuta kuleta tofauti kwenye mikunde ya nyanda za juu ingeenda kwanza kwenye usafirishaji wa chokaa na kwenye vinu vidogo vya kusaga karibu na machimbo. Brazil ilishapitia njia hii. Nyika ya Cerrado ilionekana haifai kwa kilimo kwa sababu ya uchachu na alumini, na waliochangia kuifungua kwa chokaa na fosforasi, Edson Lobato, Colin McClung na Alysson Paolinelli, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2006. Mwaka 2025 tuzo hiyohiyo ikaenda kwa Mariangela Hungria wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, kwa kazi yake ya bakteria wanaolisha soya nitrojeni. Kazi ya bakteria ilisimama juu ya udongo uliokwisha kutengenezwa. Wanaonukuu mafanikio ya soya ya Brazil na kuruka habari ya chokaa wanasimulia nusu ya habari.

Ukinunua, nunua chokaa ya kilimo iliyosagwa laini. Chembe kubwa kuliko milimita 2 hazifanyi kazi ya maana kwa miaka mingi, zile zinazopita kwenye chujio la milimita 0.25 hufanya kazi ndani ya miezi. Ulinganisho wa nguvu ni huu: kabonati safi ya kalsiamu ni 100, dolomiti safi kama 108, chokaa iliyozimwa kwa maji kama 135, chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa kama 179. Hizi mbili za mwisho ni kali, huunguza ngozi na macho, na hazifai kugusana na mbegu. Dolomiti ni chaguo zuri pale magnesiamu ilipopungua. Jasi si chokaa: ina kalsiamu lakini haipandishi pH, na anayeuziwa jasi kwa jina la chokaa ameibiwa.

Mwaga chokaa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, kisha ilimiwe hadi sentimita 15 au 20. Ikiachwa juu, hukaa juu. Usiichanganye na mbolea za urea, DAP, SA wala samadi mbichi kwa wakati mmoja, kwani amonia itaruka hewani na utasikia harufu ya pesa yako ikiondoka. Asiyemudu kiasi kizima anaweza kuweka kidogo kidogo kila msimu kwenye mistari ya kupandia, na mara nyingi kitasaidia, mradi afahamu kwamba ametengeneza mstari tu. Mzizi ukitoka pembeni unakutana na uchachu uleule, na ukame ukija ndipo atakapoona.

Baada ya hapo bakteria wana pa kuishi. Pakiti lazima iwe ya zao husika: ya soya haifungi maharage, na ya maharage haifungi soya. Biofix ya Kenya, kwa mfano, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hutengenezwa kwa zao mojamoja, na pakiti ya gramu 100 hutumika kwa takriban kilo 15 za mbegu. Soma tarehe ya mwisho, na uliza ilikuwa imehifadhiwa wapi dukani, kwa kuwa pakiti iliyokaa dirishani juani ni unga wa udongo tu. Lowanisha mbegu kidogo kwa maji yenye gundi ya mgunga au sukari, mimina unga, geuza taratibu ndani ya beseni mpaka kila mbegu iwe nyeusi, uache zikauke kivulini, upande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu, hasa yenye shaba, huwaua bakteria. Mbolea ikigusana na mbegu huwaua. Jivu pia, kwa sababu ya ukali wake.

Katika udongo ulio mpakani, pH kama 5.2, kuna mbinu ya kati: baada ya unga wa bakteria kushika, mbegu huvikwa vumbi laini sana la kabonati ya kalsiamu mpaka ziwe nyeupe. Vumbi hilo huwalinda bakteria kwa siku zile chache za mazungumzo na mzizi. Halitengenezi shamba, na kwenye pH 4.5 halitoshi.

Fosforasi isisahaulike. Kilo 100 za TSP, mbolea ya fosforasi, kwa hekta, kama kilo 40 kwa ekari, hutoa kilo 20 za fosforasi na haiongezi nitrojeni inayowafanya mimea wakatae kujenga vinundu. Kwenye udongo mchachu, fosfeti ya mawe ya Minjingu kutoka Manyara nayo hufanya kazi, kwa kuwa uchachu wenyewe ndio unaoiyeyusha. Hapa pana mgongano wa kupangwa vizuri: shamba likishapandishwa hadi pH 6, Minjingu huyeyuka polepole, hivyo anayetumia vyote viwili atangulize Minjingu.

Na asiyeweza kupata chokaa msimu huu? Abadilishe zao. Kunde na njugumawe huvumilia uchachu kuliko maharage. Karanga pia, ila maganda yake hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka udongoni, na ikikosekana huvuna maganda matupu. Kwa malisho, desmodiamu huvumilia, alfalfa haivumilii. Samadi iliyooza vizuri hufunga sehemu ya alumini na kupunguza sumu yake. Jivu la jikoni lina nguvu ya chokaa, mara nyingi kama nusu, lakini kaya moja haikusanyi tani, kwa hiyo livunwe kwa ajili ya bustani ya mboga.

Kabla ya kutumia fedha kwenye ekari nzima, pima vipande vinne vya mita 5 kwa 5, vikitengana kwa mita moja na mfereji mdogo ili maji ya mvua yasibebe bakteria kutoka kimoja kwenda kingine. Vyote vipewe gramu 250 za TSP. Cha kwanza kiachwe hivyo, cha pili kiwekwe kilo 5 za chokaa mwezi mmoja mapema, cha tatu kipandwe mbegu yenye bakteria, cha nne kipate vyote viwili. Anza kupanda visivyo na bakteria, ndipo ushike mbegu zilizopakwa. Wiki ya sita chimba mashina 10 katika kila kipande na upasue vinundu: vyekundu au vya waridi vinafanya kazi. Kipande cha tatu kikifanana na cha kwanza huku cha nne kikiwa na waridi, uchachu ndio uliokuwa ukiwaua bakteria wako. Cha pili kikilingana na cha nne, bakteria wa asili wapo na pakiti huihitaji. Cha nne kikishindwa pia, rudi kwenye tarehe ya pakiti, kisha kwenye molibdenamu.